Kiti cha Nahodha Kwenye Bati Jembamba

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza. Manyunyu tu, ya kumlowesha kuku mvivu. Wateja wa kunyoa huwa hawaji siku kama hii, kwa hiyo nimefunga kibanda changu cha kunyolea mapema na kurudi nyumbani, nikamkuta mama mkwe dirishani, anaangalia wingu kama mtu aliyemwona mgeni wake kwa mbali na hana viatu vya kwenda kumpokea.

Mama mkwe wangu ni nahodha. Kati ya mtaa wetu na upande wa pili, penye hospitali, shule na soko, pana mto, na juu ya mto pana daraja fupi kwa kimo ambalo kila msimu wa mvua huzama. Likishazama, watu huvushwa na mama kwa boti yake ya alumini yenye injini nyuma. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijamposa binti yake, na hajawahi kumlowesha abiria zaidi ya magotini. Mwaka huu amevunjika nyonga, tena nchi kavu.

"Maji hayakuwahi kunigusa," huwaambia wageni. "Nimeangushwa na ganda la ndizi."

Madaktari wamemuunga kwa bati na skrubu. Anatembea na mkongojo, ila kwenye benchi la nyuma ya boti, lisilo na mgongo, hawezi kukaa bila kuegemea upande kama gunia lililopungua. Mkaguzi wa vyombo vya majini alikuja kumwona wiki iliyopita. Tunamwita Bwana Tikisa kwa sababu hutikisa kila kitu anachokikagua. Hata akikupa mkono, bega lako linahitaji kupumzika baadaye. Akasema, kwa adabu zote:

"Mama, nakuheshimu. Lakini abiria sikuruhusu kubeba mpaka nione umekaa kwenye kiti chenye mgongo, kimefungwa sakafuni, na nikikitikisa kisitikisike. La sivyo boti inalala msimu mzima."

Atarudi kabla daraja halijazama.

Jioni mama alimwambia mke wangu, nikisikia: "Mwanangu, nisipovuka msimu huu, sivuki tena. Mtanizoea hapa dirishani kama ua la plastiki."

Mke wangu aliendelea kukunja nguo, ila alikunja shati lile lile mara mbili.

Jumanne, 3 Machi

Mvua.

Alhamisi, 5 Machi

Mke wangu ni mshona viti vya magari. Leo amerudi kutoka karakana na kiti cha dereva wa basi kilichochukuliwa kwenye uwanja wa mabasi mabovu. Kina mgongo, kina mguu mmoja mnene wa chuma, na kimepasuka ngozi kila mahali. Nimekibeba kutoka barabarani hadi uani. Kiuno changu kimenikumbusha kwamba sisi si marika tena, mimi na kiuno changu.

Mama alikiangalia kutoka mlangoni.

"Hicho nini?"

"Kiti chako, mama."

"Cha mgonjwa."

"Cha dereva."

"Dereva anayekaa kama yuko kwa daktari wa meno. Kitoeni uani kwangu. Watu watasema Nahodha sasa anavusha akiwa amelazwa."

Ua ni wangu, lakini si jambo la kumkumbusha mama mkwe.

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimejaribu kuwa mwanaume wa nyumba. Mke wangu alikuwa na kazi ya basi la shule, nikaona nikifunge kiti mimi, nimshangaze. Boti iko uani, imeinuliwa juu ya magogo. Nilikisimamisha kiti nyuma, karibu na injini, nikapiga skrubu kubwa nne moja kwa moja kwenye sakafu. Zikaingia laini kama kisu kwenye papai. Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza.

Nikakaa. Sakafu ikalia *pwaa!* kama kifuniko cha kopo la maziwa. Nikaegemea kushoto, *pwaa!* Nikaegemea kulia, na kiti kikaendelea kwenda kulia peke yake, mimi nikiwa juu yake, skrubu mbili zikang'oka na kubaki na pete za bati shingoni mwao.

Mama alikuwa dirishani. Alicheka akiwa ameshika nyonga, akaniomba nisirudie kwa sababu inamuuma.

Mke wangu alirudi, akapiga magoti, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Unajua kwa nini kitufe kinang'oka kwenye blauzi nyepesi?"

"Uzi mbovu."

"Uzi hauna kosa. Kitambaa ndicho kinachochanika, pale uzi unapopita, kwa sababu nguvu yote imekusanyika kwenye nukta moja. Ndiyo maana kwenye koti zuri kuna kitufe kingine kidogo kwa ndani, mgongoni mwa kile cha nje. Nguvu inagawanyika." Akagonga sakafu kwa pingili za vidole. "Hili ni bati jembamba limelala juu ya mbavu za boti. Linabeba nyayo, halibebi kiti cha mtu mzima kinachoyumba. Linataka kitufe cha nyuma. Tena kitufe kinachofika kwenye mbavu."

Nimelala karibu na mwanamke huyu miaka mingi. Nilidhani anashona viti. Kumbe muda wote anafikiria mahali nguvu inapokwenda.

Jumapili, 8 Machi

Mvua ya asubuhi hadi jioni. Mto umepanda hadi nusu ya nguzo za daraja.

Jumanne, 10 Machi

Nimemleta jirani yetu fundi wa kuchomelea, tunayemwita Cheche, aangalie kama anaweza kuchomelea kitu sakafuni.

"Hii alumini," akasema, akirudi nyuma kama imemng'ata. "Mashine yangu ni ya chuma. Nikiweka moto hapa, unapata sinia yenye tundu. Twende kwangu nikupe kitu." Akanipa bati nene la chuma, zawadi.

Nilirudi nalo kifua mbele. Mama akaligonga kwa mkongojo.

"Rudisha."

"Bure, mama."

"Chuma na alumini vikikaa pamoja majini, hulana. Niliwahi kufunga boliti moja ya chuma, moja tu, nikakuta imejizungushia unga mweupe na bati limekuwa kama biskuti. Mkwe, unataka nikalie biskuti?"

Nimelirudisha. Cheche amenicheka. Mtaa huu watu wote wanapata afya kwa kunicheka.

Alhamisi, 12 Machi

Mke wangu amepata alumini nene yenye vipele, ile ya kukanyagia mlangoni mwa basi. Amekata vipande viwili, kimoja cha kukaa juu ya sakafu na kingine cha kukaa chini yake. Amepata pia vipande virefu vya pembe za alumini vya kufunga kutoka ubavu hadi ubavu, ili bati la chini lisining'inie hewani. Na kwa kuwa mguu wa kiti ni wa chuma, ameukatia soksi ya mpira kutoka kwenye tyubu ya tairi ili chuma kisigusane na alumini. Alikuwa anaimba, na alipoona ninasikiliza, akaacha.

Mama anajifanya haangalii. Dirisha lile lina ukungu wa pumzi upande wake mmoja tu, upande wa uani.

Jumamosi, 14 Machi

Nitaandika yote, hata ya aibu.

Asubuhi mke wangu alipima, akachora alama nyeupe kwenye sakafu kwa chaki yake ya kushonea. Akanipa drili. Alikuwa anakimbilia karakana, mguu mmoja ndani ya kiatu.

"Kwenye hizi alama, toboa mpaka chini. Nikirudi tunakata kidirisha cha kupitisha mkono."

"Mpaka chini."

"Mpaka chini."

Nikatoboa. Ile ya kwanza ilipita bati, nikahisi drili imeingia kwenye kitu laini, kama sponji. Nikasema, bado. Nikaendelea. Ikagonga bati lingine. Nikasema, hapa sasa, tunaelekea chini. Nikakaza. Ikapita. Hata nikafurahi, kwa sababu sakafuni palikuwa na maji ya mvua ya jana, na maji hayo yalizunguka tundu, yakatoa sauti ya mtoto akimaliza soda, yakapotea yote. Nikasema moyoni: ona sasa, boti imekauka.

Nilikuwa naanza alama ya pili niliposikia mama anaita kutoka dirishani, sauti ya chini kabisa, ile ambayo kwake ni mbaya kuliko kelele.

"Mkwe. Mbona boti yangu inakojoa?"

Nikashuka. Nikainama. Kutoka tumboni mwa boti, upande wa nje, upande wa mto, palikuwa na tundu safi, la mviringo, na tone la mwisho likining'inia.

Mama alitoka na mkongojo wake, polepole, kila hatua kwa hesabu yake. Akaliangalia tundu. Akaniangalia mimi. Akaliangalia tundu.

"Ulimwelewa vipi mwanangu?"

"Alisema mpaka chini."

"Chini ya sakafu!"

"Mama, mimi mteja akiniambia 'nyoa mpaka chini', ninakwenda mpaka kwenye ngozi."

"Na hapa umepita ngozi, mkwe. Kwa kipimo hiki, wateja wako ungewafikia ubongo."

Mke wangu alipofika hakupiga kelele. Alikaa kwenye gogo. Sura yake ilikuwa imechoka namna ambayo sikuwahi kuiona hata tulipouguza watoto. "Sikosei kushona," akasema. "Nimekosea kusema." Akajilaumu yeye. Mimi hilo limeniuma kuliko kama ningetukanwa.

Mvua ikaanza tena. Tulisimama watatu uani, tukiangalia maji yakiingia juu ya boti na kutoka chini.

Jumapili, 15 Machi

Kuziba tundu la nje lazima ulifikie kwa ndani, na kwa ndani kuna sakafu. Kwa hiyo leo tumefungua. Tumeng'oa ribiti za nyuma, zile pini zinazobana bati kwenye mbavu, moja baada ya nyingine na kulikunja bati la sakafu kama mtu anayefungua kopo la samaki.

Chini yake kulikuwa na sponji ngumu iliyokuwa nyeupe zamani. Sasa ilikuwa rangi ya chai na nzito kwa maji ya miaka. Tulipoitoa, ilitoka kwa vipande vinavyochuruzika, na harufu yake ilinifanya nikumbuke viatu vya jeshi zima.

"Ndiyo maana ilikuwa inachelewa kuinua pua," mama akasema kutoka kwenye kiti. Ndiyo, kile kiti cha basi. Mvua ilikuwa imekatika, ndani kuna joto, na hapakuwa na kiti kingine uani. Alikaa kwa bahati mbaya, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Kisha mke wangu akafikisha tochi kwenye ubavu wa boti, ule ule ambao kiti kingesimama juu yake. Ulikuwa na ufa. Ufa mwembamba kama unywele, lakini umekwenda kutoka ukingo mpaka karibu na ukingo. Tungefunga kiti juu ya ubavu uliovunjika, tukamkalisha mama, tukampungia mkono.

"Kwa hiyo tundu langu limeokoa..." nikaanza.

"Usithubutu," wakasema wote wawili.

Mke wangu alianza kupima. Alitaka kuweka kipande cha alumini juu ya ufa na kupiga boliti katikati, pale penye ufa penyewe, ili aubane. Mama akagonga ubavu kwa ncha ya mkongojo.

"Si hapo."

"Hapa ndipo palipovunjika, mama."

"Ndiyo maana si hapo. Nisaidie nisimame." Akasimama, akaweka kiganja kwenye nyonga yake, juu ya kanga, mahali penye mshono. "Daktari alinionyesha picha yangu. Bati linaanza mbali, kwenye mfupa mzima, linapita juu ya ufa, linakwenda mbali tena kwenye mfupa mzima. Skrubu ziko huku na huku. Pale penye ufa hakugusa. Nikamuuliza, daktari, mbona umeacha katikati? Akasema, mama, palipoumia hapatobolewi tena. Palipoumia panasindikizwa."

Mke wangu aliangalia mkono wa mama yake. Akafuta alama ya chaki. Akachora nyingine mbali, na nyingine mbali upande wa pili.

"Vipande viwili," mama akaongeza. "Kimoja kila upande wa ubavu. Mimi wamenipa kimoja kwa sababu cha pili hakiwezekani. Boti isipunjwe."

Akarudi kukaa, akajiweka sawa, akaegemeza mgongo, akavuta pumzi kama mtu aliyefika. Baadaye, tulipokuwa tunakusanya vyombo, akasema bila kumwangalia yeyote:

"Huu ubavu sasa ni ndugu yangu. Kiti kitafungwa hapo. Sitaki kusikia neno mgonjwa."

Hakuna aliyekuwa amelisema neno hilo isipokuwa yeye. Tukaitikia.

Nimekuwa nikimcheka mama huyu kwa upole miaka yote, kama mkwe anavyoruhusiwa. Leo sina kicheko. Aliuchukua mfupa wake mwenyewe akaufanya ramani.

Jumatano, 18 Machi

Maji yamefika chini kabisa ya daraja. Magari madogo bado yanapita, madereva wamefunga midomo.

Ijumaa, 20 Machi

Tundu la nje limezibwa kwa kiraka cha alumini, gundi ya mpira na ribiti kuzunguka kama mshono wa mfukoni. Ubavu umefungwa vipande vyake viwili. Pembe za alumini zimekaa kutoka ubavu hadi ubavu. Sakafu imerudi, ikiwa na kidirisha chenye kifuniko.

Kisha zikaja nati. Boliti, zisizoshika kutu, zinashuka kutoka juu: zinapita bati lenye vipele, zinapita sakafu, zinapita bati la pili. Nati lazima zishikwe kwa chini, gizani, kupitia kidirisha ambacho mkono wa mke wangu, wenye misuli ya mtu anayevuta ngozi za viti kutwa, hauingii. Wa mama unaingia ila hawezi kulala kifudifudi. Ukabaki mkono wa kinyozi.

Basi nililala juu ya tumbo, yaani juu ya ushahidi wa mapishi ya nyumba hii, mkono wangu ukiwa umemezwa na boti mpaka begani.

"Umeipata?" mke wangu akauliza kutoka juu, na spana yake.

"Nimepata kitu."

"Cha mviringo?"

"Nadhani ni kidole changu."

Mama akajipiga paji la uso. Lakini nikaanza kuzoea. Ninaponyoa nyuma ya sikio sioni, ninasikia kwa ncha za vidole, na huku chini ni hivyo hivyo. Nati ya kwanza ikashika. Ya pili. Zinazofuata zikaja kama vile zinanijua. Mke wangu akikaza juu, nilisikia bati la chini likipanda na kulikumbatia la juu, na sakafu katikati yao ikinyamaza.

"Mkwe ana mikono ya mkunga," mama akasema.

Nimepewa sifa. Naandika ili kuwe na ushahidi.

Jumapili, 22 Machi

Mama ameagiza tusifunike boti. Mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi boti ilikuwa imejaa maji kama beseni. Mke wangu alilala chini ya boti, mgongo kwenye tope, na kitambaa kikavu mkononi, akagusa kiraka, akagusa mshono mmoja mmoja. Alitoka na kitambaa, akampa mama.

Mama alikibana shavuni.

"Kikavu," akasema.

Jumanne, 24 Machi

Kiti kimesimama. Mke wangu amekivika turubai la kijani, sponji isiyonyonya maji, na matundu madogo ya kutolea maji kwa chini. (Hayo ametoboa mwenyewe.) Nimekitikisa mimi, amekitikisa Cheche, ambaye alikuja kutucheka na akaondoka amekunja uso kwa heshima. Boti nzima inatikisika juu ya magogo. Kiti hakitikisiki peke yake.

Mke wangu bado hajatulia. Wakati wa chakula ameinuka mara kadhaa kwenda kukigusa.

"Uani si majini," akaniambia. "Uani hakuna wimbi la kumvuta mtu upande. Nikikosea, siangushi kiti. Namwangusha mama yangu."

Bwana Tikisa amesema atapita Alhamisi.

Jumatano, 25 Machi

Daraja limezama.

Alhamisi, 26 Machi

Lilizama jana usiku, siku moja kabla ya mkaguzi. Asubuhi tulikuta maji ya kahawia yanapita juu yake bila hata kulitambua. Upande wa pili watu wameshaanza kukusanyika na miavuli, na upande wetu vilevile: mama mwenye mtoto mgongoni anayetaka kliniki, wanafunzi, mzee mwenye bandeji. Wote wanaangalia boti, ambayo tumeishusha ukingoni na kuifunga kamba.

Nikampigia Bwana Tikisa, ambaye yuko ng'ambo.

"Mkaguzi, boti iko tayari. Njoo ukague."

"Nije na nini? Daraja limezama."

"Tutakufuata na boti."

"Boti gani?"

"Hii ya kukaguliwa."

"Haibebi abiria kabla sijaikagua, na mimi ni abiria."

"Basi njoo ukague."

"Nije na nini?"

Tungezunguka hivyo mpaka kiangazi. Mama akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, shikamoo naidai baadaye. Niambie: sheria inanikataza kuwa kwenye boti yangu mwenyewe, peke yangu, bila abiria hata mmoja?"

Nilisikia karatasi zikifunuliwa.

"Hapana, mama. Ukiwa peke yako hakuna kosa. Ila mto umejaa, mama. Mimi nisingekushauri."

"Sikuomba ushauri. Kesho asubuhi simama ukingoni kwako. Vaa koti."

Akarudisha simu. Mke wangu alikuwa amesimama na spana mkononi, kama mtu aliyesahau ni ya nini.

Ijumaa, 27 Machi

Asubuhi mvua ilikuwa nyepesi lakini mto ulikuwa na hasira, unabeba matawi. Mke wangu aliingia botini kabla ya mama, akakaza boliti ambazo zilikuwa zimekaza. Mama akamngoja ukingoni, jaketi la kuokolea limembana kifuani.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Basi toa huo uso. Unanitisha kuliko maji."

Tukamshika huku na huku, akapanda, akakaa. Nikampa mkongojo, akaulaza sakafuni. Akaweka mgongo kwenye kiti, mkono kwenye mpini wa injini, na hapo mtu akabadilika. Sijui niandikeje. Nyumbani ni bibi anayelalamikia chumvi. Pale alikuwa kama kitu kilichorudishwa mahali pake.

Akaondoka. Mke wangu alinishika mkono. Nina alama za kucha mpaka sasa, na sitaki zipone haraka.

Katikati ya mto gogo likatokea. Mti mzima, mizizi juu, unazunguka. Watu wa pande zote mbili wakapiga kelele, kelele zisizosaidia kitu. Mama akausukuma mpini mpaka mwisho. Boti ikalala ubavu hata nikaona sakafu yake yote kutoka ukingoni, lile bati lenye vipele, na nyonga ya mama ikiwa juu ya kila kitu. Mtu kwenye benchi angekuwa majini. Yeye alilala pamoja na boti na akainuka pamoja na boti, mgongo wake ukiwa umeshikamana na kile kiti kama vimezaliwa siku moja. Gogo likapita nyuma yake, likaenda zake.

Mke wangu aliacha kupumua, kisha akapumua kama anayelipa deni.

Ng'ambo, Bwana Tikisa akapanda. Tulimwona kwa mbali, kama sinema bila sauti. Alikitikisa kiti kwa mkono mmoja. Akakitikisa kwa mikono miwili, mama akiwa bado amekalia, naye mama akatikisika kichwa kidogo kwa ustaarabu. Akaweka mguu na kuvuta. Akafungua kidirisha, akaingiza tochi, akabaki ameinama kwa muda ambao sitaupima. Kisha akakaa kwenye benchi la mbele na wakaondoka.

"Wanakuja," nikasema.

Lakini walipofika katikati, mama akakata kona kali. Mkaguzi akateleza kwenye benchi lake, akabaki ameshika ukingo wa boti kwa mikono yote, mwavuli wake ukaenda na mto. Na boti ikageuka. Ikarudi kule ilikotoka.

"Anarudishwa," mke wangu akasema. "Ameona kitu. Amemkataa."

"Labda kafuata mwavuli."

"Usinichekeshe."

Sikuwa nikimchekesha. Sikuwa na kitu kingine cha kusema. Boti ikagusa ukingo wa kule. Tikisa akasimama, akanyoosha mkono kuelekea watu. Tuliona mwavuli mmoja mwekundu ukishuka tope, ukasita, ukaingia botini. Kisha mweusi. Kisha mtoto wa shule aliyejifunika mfuko wa plastiki.

"Wanapanda," nikasema. "Mama watoto, wanapanda! Anawapandisha yeye mwenyewe!"

Nikageuka. Alikuwa amekaa chini, kwenye tope, na nguo yake nzuri ya kutokea.

Walivuka polepole, boti ikiwa imejaa kiasi chake, bila kuyumba. Mkaguzi alikuwa mbele, amelowa mpaka masharubu. Alishuka, akasema kona ile aliiagiza mwenyewe ili mto ukitikise kiti, akanipa mkono, akautikisa, akamgeukia mke wangu na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaushika mkono wa mtu bila kuutikisa hata kidogo. Akaushika tu.

Abiria wakashuka. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshasogea, anangoja zamu. Nikaingia majini mpaka magotini, nikamnyooshea mama mkwe mkono.

"Mkono wa nini?"

"Nikusaidie kushuka, mama. Upumzike."

"Nikapumzike wapi, dirishani?" Akamtafuta binti yake kwa macho. "Mwanangu, sponji hii ngumu."

"Italainika ukiikalia, mama," mke wangu akasema, anacheka, anafuta uso kwa mkono wenye tope na kuuchafua zaidi.

"Basi nitaikalia."

Mama mwenye mtoto akapanda. Mzee mwenye bandeji akapanda, wanafunzi wakapanda wakisukumana mpaka wakakemewa. Mama mkwe akaangalia ng'ambo, penye miavuli mingine iliyokuwa inaongezeka, kisha akaniangalia mimi niliyesimama majini nimeduwaa.

"Mkwe, watu wanasubiri. Sukuma."

Nikasukuma.